Mayai Kumi kwa Ratili Moja: Vipimo vya Vitabu vya Mapishi vya Zamani na Tatizo la Kuvigeuza kwa Vipimo vya Leo, 1747–1928

Mwaka 1796, katika mji wa Hartford, Connecticut, kilichapwa kitabu kidogo cha Amelia Simmons kiitwacho American Cookery. Miongoni mwa mapishi yake kuna keki ya ratili, ambayo huitwa hivyo kwa sababu kila kitu ndani yake hupimwa kwa uzito uo huo: ratili moja ya sukari, ratili moja ya siagi, ratili moja ya unga. Alipofika kwenye mayai, Simmons aliongeza maneno machache ambayo huenda hakuyapa uzito wowote. Aliandika kwamba mayai yawe ratili moja, au kumi. Neno hilo “au” ndilo msingi wa insha hii. Limefunga idadi na uzito katika sentensi moja, na kwa kufanya hivyo limeacha ushahidi ambao vitabu vingi vya zamani havikuuacha, yaani ukubwa wa yai la wakati huo jikoni.

Suala la kugeuza mapishi ya kale ili yalingane na viungo vya leo limezoeleka kuachiwa wapishi wa nyumbani na watunza makumbusho. Wanahistoria wamekuwa wakilitazama kama jambo dogo la ufundi. Insha hii inashikilia kwamba si dogo. Mwanahistoria anayesoma kitabu cha mapishi kama chanzo cha habari kuhusu lishe, gharama au ladha hulazimika kwanza kujua kiasi kinachotajwa ni kiasi gani. Asipojua hilo, anaweza kuandika kwamba watu wa karne ya 18 walikula mayai kwa israfu, au kwamba walivumilia keki nzito kama tofali, ilhali israfu na uzito huo vimezaliwa na yai la dukani la karne ya 21.

Katika ugeuzaji huo kuna mazoea mawili. La kwanza ni kuiacha idadi kama ilivyo: kumi ni kumi. La pili, ambalo limeenea zaidi na husemwa kwa kujiamini, ni kwamba mayai ya zamani yalikuwa nusu ya mayai ya leo, hivyo idadi ikatwe katikati. Mazoea yote mawili hayakubaliani na ushahidi, na la pili lina madhara zaidi kwa sababu linavaa joho la utaalamu.

Mayai

Ratili ya Kiingereza, ile inayopimiwa vyakula, ni gramu 453.6, na kwa upishi wa kipindi kinachohusika hapa haikubadilika kiasi cha kumsumbua mtu. Ikiwa mayai kumi ni ratili moja, kila yai ni takribani gramu 45. Yai la daraja la “Large” katika sheria za Marekani za sasa ni lile ambalo dazeni yake haipungui wakia 24, maana yake wakia mbili kwa yai, au gramu 56.7. Ratili moja ni mayai manane ya namna hiyo. Tofauti ni ya humusi moja, si nusu.

Simmons hakuwa peke yake. Mwaka 1828 Eliza Leslie wa Philadelphia alichapisha mapishi 75 ya keki na vitamutamu, na mwanzoni mwa kitabu akaweka jedwali la uzito na vipimo. Humo mayai kumi yanahesabiwa kuwa ratili moja. Miaka 68 baadaye, mwaka 1896, Fannie Farmer wa Boston aliweka jedwali lake mwenyewe, na humo mayai tisa makubwa ndiyo yanayotimiza ratili. Kumi, kumi, tisa, kisha manane ya leo. Mfululizo huu unaonesha yai likikua polepole, ingawa lazima isemwe kwamba neno “makubwa” la Farmer halikuwa daraja la kisheria. Lilikuwa neno la mpishi aliyekuwa akichagua kapuni.

Hapa pana swali ambalo wageuzaji wengi hulipita: je, ratili hiyo ya mayai ilipimwa pamoja na maganda? Simmons hasemi. Ganda ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa yai. Ikiwa mayai yake kumi yalipimwa yakiwa yamekwisha kupasuliwa, basi kila yai zima lilikaribia gramu 51, na leo yangehitajika tisa. Usomaji wa kawaida wa sentensi yake, na hasa wa jedwali la Leslie, unaelekea kwenye mayai mazima, kwa kuwa hayo ndiyo mtu aliyoweza kuyaweka kwenye mizani bila kujifunga kuyatumia. Vyovyote iwavyo, jibu linaangukia kati ya manane na tisa. Anayetumia matano anapata wakia kumi za mayai mahali palipotakiwa 16, na hivyo amepunguza zaidi ya theluthi. Keki ya Simmons haina hamira wala baking powder. Hewa iliyopigwa ndani ya siagi na mayai ndiyo inayoiinua. Kuondoa theluthi ya mayai katika keki ya aina hiyo ni kuondoa sehemu kubwa ya kinachoiumua.

Sasa itazamwe idadi ambayo haikufungwa na uzito. Hannah Glasse, ambaye kitabu chake The Art of Cookery Made Plain and Easy kilitoka London mwaka 1747, ana keki ya ratili yenye mayai 12, lakini anaagiza nusu tu ya ute mweupe itumike. Anaagiza pia mchanganyiko upigwe kwa muda wa saa nzima, kwa mkono au kwa mwiko mkubwa. Mary Randolph wa Virginia, katika The Virginia House-Wife ya mwaka 1824, naye ana ratili moja ya siagi, ya unga na ya sukari pamoja na mayai 12, ila yake ni mayai kamili. Msomaji anayehesabu tu ataona 12 na 12, na atadhani keki hizo mbili ni ndugu. Kwa kutumia yai la gramu 45, ambalo lina kiini cha takribani gramu 14 na ute wa gramu 26, viini 12 na ute wa mayai sita vya Glasse vinatoa gramu 324 hivi, wakati mayai 12 ya Randolph yanatoa gramu 480. Kati yao wanasimama akina Simmons na gramu 400. Idadi ndogo zaidi ya mayai kwa macho, ile kumi, si uzito mdogo zaidi wa mayai bakulini.

Wako wanaotumia keki ya Randolph kuthibitisha kwamba mayai ya Virginia yalikuwa madogo mno. Hoja yao ni kwamba keki ya ratili lazima iwe na ratili ya mayai, kwa hiyo mayai 12 yalikuwa ratili, kwa hiyo kila yai lilikuwa gramu 38. Hoja hii inazunguka na kurudi ilikoanzia. Randolph hakuandika kwamba mayai yawe ratili moja; msomaji ndiye aliyeiingiza ratili hiyo kutokana na jina la keki. Inawezekana mayai yake yalikuwa madogo, na inawezekana vilevile kwamba alipenda keki yenye mayai mengi. Idadi tupu haiwezi kuamua. Ushahidi wa ukubwa hupatikana pale tu mwandishi mwenyewe alipounganisha idadi na mizani, na kwa sababu hiyo sentensi moja ya Simmons na mstari mmoja wa jedwali la Leslie vina thamani kuliko makumi ya mapishi yenye hesabu peke yake.

Jambo jingine linahusu neno “kubwa” lenyewe. Nchini Uingereza leo yai la daraja kubwa ni la gramu 63 hadi 73, na la kati ni la gramu 53 hadi 63. “Large” ya Marekani kwa hiyo inaingia katika “medium” ya Uingereza. Mpishi wa London akisoma ugeuzaji uliofanyika Chicago na kutumia mayai yake makubwa manane, atakuwa amezidisha karibu yai moja na robo. Kwa mayai ya kwao, ratili moja inakaribia saba. Huenda hapo ndipo dhana ya “nusu” ilipopata nguvu, kwani kutoka kumi hadi saba ni pengo linaloonekana kwa macho. Hata hivyo, saba si tano.

Painti mbili zenye jina moja

Yai limebadilika kwa sababu kuku amebadilika. Painti imebadilika kwa sababu Bunge liliamua. Mwaka 1707 sheria ya Uingereza iliiweka galoni ya mvinyo kuwa inchi za ujazo 231. Sambamba nayo ilikuwepo galoni ya bia, inchi 282. Sheria ya mwaka 1824 iliyoanza kutumika mwaka 1826 ilizifuta zote mbili na kuweka galoni mpya ya kifalme, ile inayobeba ratili kumi za maji. Marekani, ambayo wakati huo ilikwisha kujitenga, ilibaki na galoni ya mvinyo. Matokeo yake ni kwamba painti ya Marekani ni mililita 473 na painti ya Uingereza ni mililita 568.

Kinyume cha mambo kinachotokea hapa kinafaa kuangaliwa kwa utulivu. Pale Glasse, Mwingereza wa mwaka 1747, anapokusudia painti ya mvinyo, Mwingereza wa leo anayepima kwa jagi lake la painti hukosea kwa asilimia 20, wakati Mmarekani wa leo hupatia bila kujua. Vitabu vya Uingereza vya baada ya 1826, kama kile cha Bi. Beeton cha mwaka 1861, vinageuza hali hiyo: sasa Mmarekani ndiye anayekosea. Kwa mantiki hiyo tarehe ya toleo si habari ya jalada tu. Kitabu kilichotoka kwanza kabla ya 1824 na kuchapwa tena baada yake kinaweza kuwa na neno lilelile katika ukurasa uleule likiwa na maana mbili, kwa kutegemea nani alikishika.

Kosa la asilimia 20 katika maziwa ya mchuzi huweza kusameheka. Katika keki ya Simmons kuna robo painti ya maji ya waridi, ambayo kwa painti ya mvinyo ni mililita 118. Ikipimwa kwa painti ya kifalme inakuwa 142. Anayejua nguvu ya maji ya waridi ataelewa kwamba mililita 24 za ziada si jambo la kupuuzwa.

Kijiko kina kisa kinachofanana. Kwa Beeton, kijiko cha chai ni robo ya kijiko cha mezani, yaani chini kidogo ya mililita nne. Kwa Farmer na kwa karibu kila mpishi wa leo ni theluthi, yaani mililita tano. Kungumanga ya kijiko kimoja cha chai ikipimwa kwa kijiko cha leo huongezeka kwa asilimia 40 hivi.

Mfuto na tele

Farmer anakumbukwa kwa kusisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe kisha visawazishwe kwa ubapa wa kisu. Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kuelezwa jambo hili kama uvumbuzi, kwa maana lugha yao ina msamiati wake tangu zamani: kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa, na kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa. Wanunuzi na wauzaji wa nafaka katika pwani walijua kwamba pishi, ambayo ni vibaba vinne, haikuwa kipimo kimoja hadi isemwe ni ya mfuto au ya tele. Vitabu vya mapishi vya Kiingereza vya kabla ya Farmer mara nyingi havisemi. Jedwali la Leslie husaidia: anahesabu kwati moja ya unga wa ngano kuwa ratili moja. Kwati yake ni vikombe vinne vya Marekani, basi kila kikombe ni gramu 113. Farmer naye anasema vikombe vinne ni ratili moja. Miongozo mingi ya Marekani ya sasa huhesabu kikombe cha unga kuwa gramu 120 au 125, kwa sababu unga haupepetwi tena kabla ya kupimwa. Anayepima vikombe vinne vya leo anaweza kuongeza gramu 46 za unga bila kuongeza kikombe hata kimoja.

Ziko pia zile kanuni za kulinganisha kitu na kitu: siagi yenye ukubwa wa yai, siagi yenye ukubwa wa jozi. Hizi humrudisha mgeuzaji kwenye tatizo la kwanza, kwani yai lililotumiwa kupimia siagi nalo ni yai la gramu 45.

Kopo na kuku

Vitabu vya karne ya 20 vilionekana kama vingeleta nafuu, kwa kuwa chakula kilianza kuuzwa kikiwa kimepimwa. Badala yake tatizo lilijificha. Mapishi ya Marekani yaliyoandikwa katikati ya karne hiyo husema “kopo moja”, wakati mwingine yakitaja namba ya kopo: namba 2 lilikuwa na takribani wakia 20, namba 303 takribani 16. Kopo la kawaida la nyanya au maharage leo ni wakia 14.5 au 15. Kopo la maziwa yasiyotiwa sukari lilishuka kutoka wakia 14.5 hadi 13, kisha 12. Mchanganyiko wa keki wa boksi ulikuwa wakia 18.25, mwanzoni mwa muongo wa 2010 ukawa 15.25, pungufu ya asilimia 16. Maelfu ya mapishi ya nyumbani yaliyoandikwa kwa maneno “boksi moja” yalibadilika siku hiyo, na hakuna aliyeyafuta wala kuyaandika upya. Hapa mwanahistoria hana hata idadi ya kukosea. Ana neno “moja”, ambalo daima ni sahihi.

Kuku amekwenda upande wa pili. Watafiti wa Kanada waliwahi kulea pamoja kuku wa nyama wa vizazi vitatu, viwili vya kwanza vikiwa vimehifadhiwa bila kuboreshwa tena, wakiwalisha chakula kimoja, na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Kuku wa kizazi cha 1957 alipofikia siku 56 alikuwa na gramu 905. Wa 1978 alikuwa na 1,808. Wa 2005 alikuwa na 4,202. Mapishi ya miaka ya 1950 yanayoagiza “kuku mmoja” kwa watu wanne hayakuwa ya uchoyo wala ya ukarimu. Kiasi cha chumvi, viungo na muda wa moto katika mapishi hayo kilikuwa cha mnyama ambaye hapatikani tena katika maduka makubwa.

Afrika ya Mashariki: yai, painti na nusu kilo

Mambo haya yanaigusa Afrika ya Mashariki kwa njia mbili ambazo hazijaandikwa vya kutosha. Ya kwanza ni yai. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta wastani wa yai la kuku wa kienyeji ni gramu 44 hivi. Hilo ni pungufu ya gramu moja tu kulinganisha na yai la Simmons. Mpishi wa Dodoma mwenye mayai kumi ya kienyeji yuko karibu zaidi na jiko la Hartford la 1796 kuliko mpishi wa Hartford ya leo, na hahitaji ugeuzaji wowote. Anahitaji kuugeuza ugeuzaji wenyewe: akipewa toleo “lililosahihishwa” linalosema mayai manane, kisha akatumia ya kienyeji, atapungukiwa. Na kwa kuwa mayai katika masoko ya Tanzania huuzwa kwa idadi au kwa trei la 30, si kwa daraja la uzito, hakuna lebo ya kumtahadharisha.

Ya pili ni urithi wa painti ya kifalme. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's mjini Nairobi kilitoa kitabu cha mapishi na mwongozo wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Kilipita katika matoleo mengi, na kilibeba pia Kiswahili cha jikoni cha kuwaagizia wapishi. Ratili na painti zake ni za kifalme. Baada ya nchi hizi kuingia katika mfumo wa metriki, ratili ilipata mrithi wa karibu, nusu kilo, na painti ikapata wake, nusu lita ya pakiti. Kila mrithi peke yake anaonekana kufaa. Lakini nusu kilo inaizidi ratili kwa asilimia kumi, ilhali nusu lita inapungua kwa painti kwa asilimia 12. Makosa hayo hayafutani. Yanasukuma upande mmoja. Mapishi yenye ratili moja ya unga na painti moja ya maziwa yakipimwa kwa nusu kilo na nusu lita hutoa kinyunga chenye unga mwingi zaidi kwa robo nzima kwa kila mililita ya maziwa. Mtu aliyerithi kitabu hicho na kulalamika kwamba vitu vyake hutoka vikavu hakuwa amekosea mkono.

Ni dhahiri kwamba waliokanda kinyunga hicho mwaka 1928 walikuwa wapishi Waafrika, na kwamba vipimo vya kitabu viliwafikia kwa mdomo, kupitia Kiswahili kifupi cha amri. Kitabu kimehifadhi amri. Marekebisho yaliyofanywa na mpishi alipokabili mayai ya kienyeji, moto wa kuni na maji yanayochemka kwa joto la chini katika mwinuko wa Nairobi hayakuandikwa, ingawa ndiyo yaliyofanya keki iive.

Kwa mhariri wa matoleo ya sasa, njia iliyo salama ni kuiacha idadi ya asili ndani ya matini na kuweka uzito pembeni: gramu 454 za mayai, pamoja na maganda, mililita 118 za maji ya waridi, gramu 454 za unga uliopepetwa. Uzito humwezesha msomaji wa Dodoma, London na Chicago kila mmoja ahesabu kwa mayai yake. Hata hapo kuna kitu ambacho mizani haikifikii. Simmons anasema keki yake itaiva kwa dakika 15 katika tanuri lisilo na moto mkali. Kinyunga cha ratili nne kikiwekwa katika chombo kimoja hakiwezi kuiva kwa muda huo. Lazima kiligawanywa katika vyombo vidogo au kutandazwa chembamba. Ukubwa wa vyombo hivyo hakuutaja.